Nyota Yenye Mkia na Tangazo la Tatu

Kwa Mchungaji Kiongozi,
kupitia kwa Katibu wa Baraza la Wazee (ambaye naomba asiifungue).

YAH: VITU VYA ANGANI KUINGILIA NDOA YA BINTI YANGU

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nilikuwa karani wa masjala miaka thelathini na mmoja, na barua isiyo na tarehe, saini wala anwani niliirudisha ilikotoka. Leo naambiwa nipokee ujumbe wa mbinguni usio na hata kimoja kati ya hivyo.

Namlalamikia shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, kinyozi wa pale kona na msomaji wa matangazo kanisani, ambaye waumini humwita Mzee Darubini. Kama ujuavyo, ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na ikikatika moja, hesabu huanza upya. Binti yangu na mchumba wake, fundi friji, wametangazwa mara ya kwanza na ya pili hadi watoto wa Sunday skuli wamekariri. La tatu halijawahi kusomwa. Sababu ndizo hizi:

1. Mwezi wa pili, shemeji alisimama mbele, akaikunja karatasi, akasema ameona nyota yenye mkia, na mkia umeelekea karakana ya fundi friji. Eti ni ufagio wa Bwana. Nimepima kwa rula kwenye ramani ya mtaa. Mkia ule ulielekea pia shule, soko, choo cha stendi na nyumba yako. Mbona wewe hujafagiliwa?

2. Mwezi wa nne akasema Orioni, lile kundi la nyota, amelegeza mshipi, kwa hiyo hakuna kinachofungika, hata ndoa. Mchungaji, Mwenyezi Mungu alimuuliza Ayubu kama anaweza kuvilegeza vifungo vya Orioni, na Ayubu, mtu mwenye adabu zake, akafunga mdomo. Shemeji hakuulizwa, naye ndiye aliyejibu.

3. Mwezi wa sita aliunganisha nyota saba apendavyo, akapata joka la Ufunuo, lenye jicho jekundu linalopepesa. Nilitoka kibarazani kuthibitisha. Jicho ni taa ya mnara wa simu. Nilipomweleza, alisema adui hupenda kujificha penye mawimbi mazuri. Kwa hoja hiyo kila mwenye simu ni mfuasi wa joka, na wewe Mchungaji una laini mbili.

4. Ugonjwa umehamia saluni. Katikati ya kunyoa huzima mashine, akatoka nje kuchungulia. Jumamosi iliyopita jioni aliniacha na ndevu upande mmoja, umeme ukakatika yeye akiwa huko huko nje. Nilikuja ibadani hivyo hivyo. Wewe mwenyewe ulinisalimu mara mbili, kila upande kivyake, na ukamkaribisha mmoja wetu kama mgeni.

Nyota ya Mamajusi, kwa heshima zake, ilifanya kazi ikaeleweka: ilitangulia, ikafika, ikasimama juu ya nyumba moja inayojulikana. Hii ya shemeji inazurura tu. Na fundi friji ni mpole, lakini upole nao una mwisho. Binti yangu ana miaka thelathini na minne. Gauni limeshapunguzwa mara mbili na kuongezwa mara moja. Maji yamenifika shingoni.

Kwa hiyo naomba shemeji aondolewe kwenye matangazo, apewe kazi ya kanisa isiyo na dirisha. Akikataa, avae kofia pana siku zote za wiki. Na hilo likishindikana, nyota yenyewe iitwe mbele ya Baraza, Jumatano saa kumi jioni, ijieleze. Isipofika mara mbili, itengwe na ushirika kama muumini mwingine yeyote, na hukumu ibandikwe mlangoni ili isije ikasema haikuwa na habari.

Nisalimie mama mchungaji, kwaya yote, mlinzi wa geti, na hata shemeji, ingawa huyo msalimie kwa ufupi.

Wako katika imani iliyo chini ya paa,
Karani Mstaafu.

Tanbihi: Binti yangu ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha, akataka niongeze jambo moja, la sivyo ataliongeza yeye. Kila Jumamosi kabla ya tangazo la tatu, ni mimi niliyekwenda kwa shemeji kumwomba aangalie kama hakuna ishara yoyote. Mara ya kwanza alisema hakuna. Nikamwomba aangalie tena. Tangu mke wangu afariki, ni binti huyu tu anayeniuliza nimekula nini, na nyumba ina vyumba vinne. Shemeji analijua hilo na hajawahi kunisema kwa mtu. Jumapili hii tangazo la tatu lisomwe mwanzoni kabisa, na ulisome wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa benchi la mbele. Nikisimama kusema nimeona kitu, usinisikilize.