Kanuni Fupi ya Mwalimu Hemraj

Jumatatu, 7 Julai
Mkurugenzi wa kituo chetu cha masomo ya ziada, Bi Sulochana, ametangaza vita. Ijumaa mimi na mwalimu mwenzangu Purohit tutafundisha mbele yake. Atakayeng'ara atapewa darasa la nyota, wale ambao wataingia chuo cha uhandisi hata wakifundishwa na mbuzi. Atakayeshindwa, kwaheri. Yaani nikauze mawe ya sakafu dukani kwa baba mkwe. Mungu apishe mbali!

Mada: kunyambua vitu viwili vilivyozidishwa, kujua vinabadilika kwa kasi gani. Purohit ana fomula yake ya kizee: cha kwanza mara kasi ya cha pili, jumlisha cha pili mara kasi ya cha kwanza. Wanafunzi wanaiimba hadi kwenye foleni ya kachori. Inachosha. Hapa Kota, mji wa kukariri kwa ajili ya mitihani, watu wanataka njia ya mkato.

Jumatano, 9 Julai
Nimegundua! Nyambua cha kwanza, nyambua cha pili, zidisha. Basi! Hakuna kujumlisha. Nimejaribu e kipeo 2x mara yenyewe. Nikakagua kwa fomula ya Purohit: jibu lile lile! Mfano mmoja unatosha. Mke wangu Damayanti ameuliza, kama ni rahisi hivyo, mbona miaka yote hakuna aliyeiona. Nimemjibu kwa upole kwamba nilikuwa sijazaliwa. Nimeagiza bango lenye picha yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Nilianza vizuri. Bango ukutani, mafuta kichwani. Ndipo binti mmoja, Charvi, akanyoosha mkono: je, x mara x? Kwa kanuni yangu, moja. Akasema Mwalimu Purohit hupata 2x. Nikasema Purohit hupenda kutia chumvi.

Akaja ubaoni bila kualikwa. Akachora mraba, akauongeza kidogo pande mbili. Ukanda huku, ukanda kule, na kijipande cha kona kisichostahili hata kuhesabiwa. "Sasa Mwalimu," akasema, "kanda zote mbili umezitupa, umeng'ang'ania kona!" Darasa zima likaangua kicheko. Adabu sifuri.

Bi Sulochana amenishukuru kwa utumishi wangu. Shukrani nimezipokelea getini. Purohit ameomba bango, afunikie pikipiki. Imeniuma sana. Nimelia kidogo, kwa sababu ya vumbi la chaki.

Jumanne, 15 Julai
Dukani. Baba mkwe kaniambia nisiguse kitu, akaenda hekaluni. Mara akaingia mteja. Ana baraza la mraba, futi kumi kila upande, limetandikwa mawe tayari. Anataka kuliongeza futi moja upande wa mashariki na futi moja kusini. Mawe ya futi moja moja, achukue mangapi?

Mtu mwingine angehangaika na kalamu. Mimi, papo hapo: futi moja mara futi moja. Jiwe moja!

Mteja alinikodolea macho, kwa heshima. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia anaongea na mwalimu wa hesabu. Ameondoka na jiwe lake kwenye baiskeli.

Mzee atafurahi akirudi. Nimeagiza bango jipya.