Rubani Asiyetaka Meza Moja na Colin

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechoka. Jana usiku nimetua Townsville, leo alfajiri nimepangwa tena kwenda Mount Isa. Shule niliacha mapema, kuandika kunanitoa jasho, lakini kwa ndege ndogo jimbo zima la Queensland hakuna wa kunifikia. Narelle, rubani mwenzangu na mtu wa chama cha wafanyakazi, kanieleza sheria. Eti marubani wa kampuni kadhaa wanaweza kukaa meza moja na mabosi wao, wapate mkataba mmoja wa mapumziko. Sharti kila kampuni wengi wakubali kwa kura; inayokataa inabaki nje. Kumbe na kampuni anayofanyia kazi Colin imo! Colin huyu, rubani anayetua kwa kurukaruka kama kangaruu. Nimekataa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemwendea bosi, Warwick. Peke yangu, kiume. Nikamwambia nikiwageuza wenzangu waseme hapana, aniondolee safari za alfajiri. Kakubali upesi mno. Ananiogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimewazungukia wote chumba cha chai. Nikawaambia Colin ndiye atakayewapangia likizo. Uongo kidogo, kwa faida yao. Narelle kaniuliza, mzee Merv, jana umesinzia na pai mdomoni, leo wewe ndiye unakataa kupumzika? Wakacheka. Nikamjibu nilikuwa natafakari.

Jumanne, 12 Agosti
Hapana imeshinda kwetu. Warwick kanipigapiga begani. Narelle hakunisalimia. Wivu.

Alhamisi, 13 Novemba
Sijalala vizuri wiki nzima. Kampuni ya Colin na nyingine mbili walisema ndiyo, wakapata mkataba. Kwao ukitua usiku, alfajiri hakuna wa kukugusa. Basi marubani wetu wamehamia huko mmoja mmoja, Narelle wa kwanza. Warwick kasema ahadi anaikumbuka sana, ila alfajiri amtume nani? Nikaenda Mount Isa. Narudi, namkuta Colin uwanjani, uso unang'aa kama mtoto aliyeogeshwa. Kanitazama, akasema, babu, nenda kalale, macho yako yananitia huruma.

Jioni Narelle kapiga simu. Kasema kura inaweza kurudiwa, tuliobaki tukitaka, na atatusaidia. Nimemwambia asijisumbue. Kesho nikishatua nakwenda kwa Warwick peke yangu, anitimizie ahadi. Safari hii hachomoki. Rubani wa kutegemea nimebaki mimi tu.