Kipimajoto Kilichougua Riyadh

Jumamosi, 3 Januari

Hezron, kifuniko cha jiko si pazia. Huwezi kukifunua kila ukipata hamu ya kuchungulia, halafu nyama ikikataa kuiva unasimama mbele ya madam na kusema Mama Valary alikosea moto. Mtu mzima mwenye ndevu. Aibu.

Naandika ili ushahidi uwepo. Daftari hili ni la vitu vilivyoisha jikoni. Leo nimeligeuza, nimeanza upande wa nyuma. Huku nitaandika ya watu.

Ya jana ni haya. Baba, bosi wetu, amenunua jiko la moshi. Ni kama pipa la chuma lenye kifuniko. Nyama inalazwa mbali na makaa, moshi unaipika polepole kutoka asubuhi mpaka alasiri. Nikatia kidari cha ng'ombe. Hezron, dereva, akafunua mara tisa. Nilihesabu. Nyama ikatoka nyeusi nje, katikati bado inatoa damu. Wageni wa baba wakala wali.

Madam akasema halas, imekwisha. Tarehe 16 kuna karamu kwa kaka yake baba huko Riyadh, na nyama itanunuliwa hotelini. Mimi nitabaki hapa Jeddah kulinda nyumba.

Hapo moyo ulikatika. Binti yangu Valary anafanya kazi za nyumbani Riyadh. Nchi moja, na ni miaka miwili na miezi minne sijamwona ila kwenye simu. Safari imekuja, na inanipita kwa sababu ya kifuniko.

Baba ana huruma kidogo. Alisema kilichokosekana ni kipimajoto. Kuna hivi vipya visivyo na waya. Unachoma msumari ndani ya nyama, unaenda zako, habari ya joto inakufuata ulipo. Ametupa nafasi moja, Ijumaa ijayo. Kidari kikitoka vizuri, mpishi wake anapanda Riyadh.

Nikamwambia kidole changu gumba kimepima nyama tangu yeye hajaoa. Akajibu kwamba kidole hicho ndicho kilichopima ya jana.

Nikarudi kwenye sufuria zangu. Yeye ndiye anayeshika ikama yangu, kibali cha kuishi huku.

Jumapili, 4 Januari

Hezron amejitokeza. Amemwambia madam nyama ya moto ni kazi ya wanaume, na kwao Nakuru alichoma mbuzi kwenye harusi sita. Naijua sababu yake. Riyadh atakwenda tu, yeye ni dereva. Lakini anataka kaka yake baba amwone na sahani mkononi, kwa sababu kaka yake baba ana magari makubwa zaidi.

Madam akakubali. Kidari kimoja, kikatwe nusu kwa nusu, kila mtu na kipimajoto chake. Atakayeivisha vizuri ndiye mpishi wa Riyadh.

Sina wasiwasi. Nina mpango.

Jumanne, 6 Januari

Tumekwenda Kandara, mtaa wa hapa Jeddah, kununua. Aliyenipeleka ni Hezron, maana hakuna dereva mwingine. Njia nzima anapiga mluzi.

Duka ni la mzee mmoja Mmisri, dogo, chaja na feni mpaka kwenye dari. Akaweka mezani aina tatu. Nikamuuliza kipi ni cha kuaminika. Akasema vyote, mama, asili kabisa. Nikamwambia imani naiweka kwa Mungu, vitu vya umeme naomba ushahidi. Yuko wapi birika lako la chai?

Alicheka, lakini akalileta. Mimi shule niliacha darasa la nne. Nilitoka na mambo mawili: kuandika jina langu, na kwamba maji yakichemka ni mia. Mwalimu alisema mia, na hatukuwa na kifaa cha kumbishia. Nikatumbukiza misumari yote mitatu. Wa kwanza ukasema tisini na nne. Wa pili mia. Wa tatu mia.

Sasa mpango. Nikaushika ule mwongo wa tisini na nne, nikausifu kwa sauti. Mzuri huu. Mwepesi. Huu ndio nitakaochukua, mtu asiuguse. Nilijua Hezron akisikia ninataka kitu, lazima akinyakue.

Hezron akasema sawa, Mama Valary, uchukue, umekufaa. Akachukua wa tatu.

Kwa hiyo ikabidi nibadili mawazo mbele ya watu wote. Nikasema mwepesi sana, utapeperuka. Nikachukua wa pili. Mzee wa duka alitazama dari.

Changu kina visanduku viwili. Kimoja kinakaa kando ya jiko na kushika mkia wa msumari, cha pili natembea nacho. Cha Hezron hakina kisanduku. Msumari wake mnene unaongea na simu moja kwa moja. Ameshatia programu kwenye simu, imemwomba jina, tarehe ya kuzaliwa na ruhusa ya kujua yuko wapi. Nyama imeanza lini kutaka tarehe ya kuzaliwa ya mtu?

Jumatano, 7 Januari

Tumepima umbali. Nimetembea na kisanduku nyumba nzima. Jikoni, kinasoma. Chumba cha kufulia, kinasoma. Ghorofani nyuma ya ukuta wa tangi, kimekata, kimebaki na vistari. Nikashuka ngazi tatu, kikarudi. Nimetia alama ya chaki hapo. Madam ameuliza chaki ni ya nini. Nimesema mchwa.

Simu ya Hezron inasoma mpaka getini tu. Akitoka getini, kimya. Akanicheka kwamba mimi nabeba kisanduku kama mchukuzi, na yeye kila kitu kiko mfukoni.

Nikaendelea kutembea na kisanduku changu. Huyu ni dereva. Mfuko wake hukaa ndani ya gari, na gari hukaa barabarani. Hajaliona hilo. Si kazi yangu kumwonyesha.

Alhamisi, 8 Januari

Nimemkumbusha madam kwamba mama yake mzazi alilalamika siku ile kuwa hatembelewi. Nimesema tu. Mtu akisema ukweli, si mpango.

Ijumaa, 9 Januari

Nyama imeingia saa kumi na mbili asubuhi, nusu yake kushoto, nusu yangu kulia. Hezron kaketi kwenye kiti cha plastiki, simu juu ya goti, kama daktari.

Saa tatu madam katoka amevaa abaya. Hezron, yalla, tunakwenda kwa mama. Hezron alinitazama. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

Saa nne akapiga simu. Programu inasema haioni nyama. Akaniuliza nyama yake inaendeleaje. Nikamwambia inakusalimia. Saa sita akapiga tena, sauti imeshuka, shikamoo Mama Valary, hebu nichungulie tu. Nikamwambia kifuniko hakifunuliwi, ni yeye aliyenifundisha wiki iliyopita yanayotokea.

Lakini na mimi nilionja wasiwasi. Kisanduku changu kilifika sabini kikakaa hapo saa mbili nzima. Sabini, sabini, sabini. Nikakitikisa. Nikakipiga kidogo na mwiko. Nikakiambia Valary ananingoja. Baba akapita, akasema nyama nono hufanya hivyo, hutoa jasho na kugoma, niiache. Nikaiacha, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuiacha.

Saa tisa kikafika tisini na tatu, kikalia. Nikatoa nusu yangu, nikaifunga kwenye karatasi na taulo. Nusu ya Hezron nikaiacha pale pale. Mali ya mtu haiguswi.

Alirudi saa kumi na moja. Yangu ilikatika kwa kijiko. Yake madam aliibonyeza na uma, uma ukapinda. Hezron akasema ni ya kutafuna taratibu, kwao wanaipenda hivyo.

Madam amesema Sellah, yaani mimi, atakwenda.

Nimempigia Valary. Alilia, na mimi nikamgombeza kwa kulia, kisha nikaweka simu mbali kidogo. Kafili wake, mwajiri anayemdhamini, ni mtu mwema. Ataletwa pale karamuni saa nane, atachukuliwa saa kumi. Saa mbili, basi. Na chakula kinatolewa saa kumi hiyo hiyo, maana yake saa zangu mbili na mwanangu, kidari kitakuwa bado motoni.

Sasa nimekielewa kisanduku. Kikiwa mkweli, nitakaa naye kivulini, kisanduku mapajani. Kikiwa mwongo, nitasimama juu ya makaa naye atasimama nyuma yangu akitazama mgongo.

Alhamisi, 15 Januari

Baba na madam wamepanda ndege. Mimi, Hezron na jiko la moshi tumepanda gari. Saa kumi nzima barabarani, jangwa, ngamia, jangwa. Kipimajoto nilikishika kifuani, nimekifunga kwa kanga. Hezron akauliza kama kinanyonya. Nikamwambia aangalie barabara.

Ijumaa, 16 Januari, asubuhi

Balaa. Nimechemsha maji ili nikipime kabla ya kukiamini. Yanachemka, yanaruka, mvuke umejaa. Tisini na nane.

Nimebadili sufuria. Tisini na nane. Nimeongeza moto. Tisini na nane.

Nimemuuliza Hezron alipita shimo gani. Akasema hakuna shimo. Nikamwambia alete chake. Kikasema tisini na nane. Basi vyote viwili vimeumia. Ni lile tuta karibu na Taif, nilisikia kabisa.

Mwongo hapewi nyama ya watu arobaini. Nimekizima, nimekitia mfukoni. Kidari kiko motoni tangu saa kumi na mbili na mimi nimesimama hapa na kidole changu. Valary anakuja, na nitampa mgongo.

Ijumaa, 16 Januari, jioni

Ameletwa saa nane kamili. Amekonda. Amevaa viatu nilivyomnunulia Mombasa, vimetoboka kwenye kidole. Nilimwambia asimame mbali na moshi, abaya ya watu itanuka. Ndiyo maneno ya kwanza niliyompa baada ya miaka miwili na miezi minne.

Akasimama mbali. Dakika kumi nzima. Akauliza, mama, hutanitazama? Nikamwambia kipimajoto kimekufa, nikiondoka kidari kitakauka, nisipopika vizuri sitaletwa tena. Akauliza kimekufaje. Nikamweleza.

Huyu alifika kidato cha nne, na karo niliilipa mimi, kwa hiyo anajua kila kitu. Akasema Riyadh iko juu, Jeddah iko pwani. Juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema, kabla ya mia. Kipimajoto ni kizima, mama. Maji ndiyo yaliyobadilika.

Nikamwambia maji ni maji. Mimi nimezaliwa Kisii, mlimani, na tulikunywa chai miaka yote. Akaniuliza kama kule niliwahi kuipima. Swali gani hilo kwa mtu aliyekuzaa.

Akatia mkono mfukoni mwangu, akakiwasha, akachoma msumari mwenyewe, akanishika mkono. Mama, keti. Alisema vile ninavyosema mimi. Nikaketi.

Themanini na nne, kisanduku kikasema. Kikakaa mapajani mwangu. Tukampigia Mitchelle, mjukuu wangu, binti yake Valary, ana miaka saba. Alituona sote wawili kwenye kioo kimoja, akauliza ni nani amehamia kwa nani. Akatuonyesha jino lililong'oka. Tukala tende. Valary alilaza kichwa kwenye bega langu akalala kabisa, dakika ishirini, mdomo wazi, kama alipokuwa mdogo. Sikusogea. Inzi alinikalia puani, sikusogea.

Saa kumi kasorobo kisanduku kikalia. Tisini na tatu. Kidari kilikatika chenyewe. Hezron alibeba sahani kwa wanaume, kifua mbele, na kaka yake baba akamtazama, akamwambia aongeze limau. Basi.

Gari la Valary likaja. Nilimfungia kipande kinene kwenye karatasi. Akaniambia, mama, uliona kilikuwa kizima? Nikamwambia aende, watu wanamngoja.

Jumapili, 18 Januari

Jeddah. Jambo la kwanza, kabla ya kufungua mizigo, nimechemsha maji. Mia.

Kimepona. Hewa ya bahari.

Hezron amenieleza tena habari za juu na chini, hata amechora mlima kwenye vumbi la gari. Baba naye amesema hivyo hivyo. Wanaume wawili na mlima mmoja wa vumbi. Nimewasikiliza kwa heshima. Nimewauliza swali moja tu: kipimajoto kile kile, mikono ile ile, Riyadh kinaugua, Jeddah kinapona, kosa ni la nani? Baba ameingia ndani, Hezron ameufuta mlima. Kosa ni la maji ya Riyadh. Mtu yeyote angeona.

Habari njema. Kaka yake baba amepiga simu, anataka kidari hicho hicho Idi, na kafili wa Valary amesema siku hiyo atamwachia kutwa nzima, sio saa mbili. Kutwa nzima. Nimekaa kwenye ngazi kidogo.

Kwa hiyo Hezron, soma hapa, nimeandika kwa herufi kubwa kwa ajili yako. TAFUTA MITUNGI MIWILI YA LITA ISHIRINI. IOSHE KWA SABUNI. IJAZE MAJI YA BOMBA LA HUKU JEDDAH, UIFUNGE KWA KAMBA NYUMA YA KITI CHANGU. Safari hii tutachemsha yetu.