Bi Pulheria kwa Maumbo Kumi na Mawili

Jumanne, 8 Septemba 1987

Joto. Miaka ishirini na mitatu tangu sisi Wagiriki tufukuzwe Istanbul, na hapa Athene nina mahali pamoja tu ambapo watu huongea kwa lafudhi yetu: meza ya Jumapili ya Bi Pulheria. Kiti cha marehemu mumewe, kando yake, ki wazi. Anestis mfamasia anakimezea mate. Humpima presha bure! Mimi mwalimu mstaafu nina nini? Kigiriki cha kale. Alhamisi ni siku ya mtakatifu wa jina la Bi Pulheria. Mlango utakuwa wazi kwa wote. Nitasimama, nimwite mungu wa kike, thea kwa lugha ya kale, kwa maumbo yote kumi na mawili ya neno hilo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Thea, theas, thean... Fahari tupu!

Alhamisi, 10 Septemba

Aibu. Niandike kwa mpangilio.

Nilianza vizuri. Umoja: thea ameketi, uzuri huu ni wa nani, theas, tunamwona nani, thean, ewe thea! Wanawake wakashika vifua. Kisha uwili, maana lugha ya kale ina umbo maalumu la vitu viwili tu, si kimoja, si vingi.  Hapo nilimkumbuka mke wangu Marika, aliyezikwa kule Istanbul. Nikamaliza wingi. Makofi! Nikainama. Lakini wote waliendelea kuningojea. Nikainama tena. Anestis akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Tema, mwalimu! Umemsifu mno, mtemee asipatwe na jicho la husuda!" Nikamjibu kwamba msomi hawatemei mabibi mate. Bi Pulheria akainuka kukata keki. Mgongo ukamkaza hapo hapo, nusu wima, kisu mkononi.

Ijumaa, 11 Septemba

Mtaa mzima unajua. Dada yake Bi Pulheria, Efthalia, kadondosha mafuta ya zeituni kwenye maji kupima kama ni jicho, kamwombea, kapiga miayo mpaka taya likalia. Ushahidi kamili, wanasema: jicho, tena la mwalimu. Muuza mboga aliponiona alifunika nyanya zake kwa gazeti. Nilitaka kumweleza habari za misuli. Akaniambia, "Mzee wangu, pita tu, usiangalie." Nikapita. Viazi nilinunua mtaa wa pili, nikitazama viatu vyangu.

Jumapili, 13 Septemba

Mpango: kujinyenyekeza hadharani.

Nilimkuta Anestis keshakaa kwenye kiti cha marehemu. Bi Pulheria alisema, bila kuinua kichwa (hawezi), kwamba nisipotema leo, meza hii niisahau. Niende wapi? Nikavuta pumzi, nikatema mara tatu, kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayemaanisha.

Kumbe hutemwa kwa mdomo mkavu. Sauti tu! Nimeishi miaka sabini na moja. Mama alinitemea, Marika alinitemea, na sikuwahi kuangalia kwa makini. Mate yangu yalitua juu ya kome waliojazwa wali.

Anestis alisema, "Bwana wee, hata mbuzi..." Hakumaliza. Bi Pulheria alikuwa ameanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka mgongo ukalia tak, akakaa wima. Akasema njoo Jumapili ijayo, mwalimu, ila utakaa kule mwisho, karibu na mlango, mbali na sahani. Meza nimebaki nayo. Kiti nimekikosa. Anestis anadai ni plasta aliyombandika mgongoni iliyoponya.

Jumatatu, 14 Septemba

Sikukuu ya Msalaba. Padri aligawa vijiti vya mrehani. Nilipaswa kushukuru na kunyamaza. Nilikusudia hivyo kwa dhati, mpaka nilipomwona Anestis kwenye ngazi za kanisa. Nikamshika mkono. Nikamwambia sijapata kuona mgongo ulionyooka hivyo kwa mtu wa umri wake, mgongo wa mungu hasa, nikausifu kwa umoja, uwili na wingi. Alifurahi, maskini.

Sikutema.

Naona haya hata kuandika. Nimesogeza kiti dirishani. Kutoka hapa mlango wa Anestis unaonekana vizuri.