Msumeno Uliopasua Hewa

Jumatatu, 7 Juni

Kiwanda cha tatu cha mbao mtaani kwetu kimefungwa leo. Mashine imeuzwa kama chuma chakavu. Banda limechukuliwa na muuza viti vya plastiki. Viti vya plastiki! Ndani ya banda lililokuwa likinukia mbao tangu sijaoa! Nilikwenda kumpa pole mwenye kiwanda. Nikamfariji, nikamwambia Mungu hamtupi mja wake, kisha nikamwomba kiungwana anirithishe wateja wake. Akasema hana hata mmoja, ndiyo maana anafunga. Uchoyo tu huo.

Sasa tumebaki wawili, mimi na Shemeji ng'ambo ya barabara. Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Kila asubuhi tunasalimiana kwa heshima zote, tunaulizana hali ya biashara, na wote tunadanganya.

Hapa niandike ukweli, maana shajara haina mdomo. Hali ni mbaya. Mapaa siku hizi ni ya vyuma. Madirisha ni ya alumini. Makabati yanatengenezwa kwa vumbi lililogandishwa na gundi, na watu wazima wenye akili zao wanayanunua. Uwanjani nina rundo la magogo manene, magogo ya mapaa hasa, nayalinda mwaka wa pili huu. Soko litarudi. Nimemweleza hivyo mke wangu, ambaye ndiye mwenye kiwanja, alikirithi kwa baba yake. Akasema soko lina hadi mwisho wa mwezi kurudi. Likichelewa, atampangisha uwanja muuza viti, na mimi ataniombea kazi ya kuvilinda. Mimi! Mlinzi wa viti!

Jumanne, 8 Juni

Habari njema! Zimetoka kwa mama wa chai, ambaye kibanda chake kiko katikati ya viwanda vyetu viwili na habari zote za mtaa huchemkia kwenye birika lake. Amemwambia mke wangu kuwa Ijumaa anakuja mnunuzi mkubwa, mama mmoja anayesafirisha matunda. Anatafuta kiwanda cha kumtengenezea makasha, na si mara moja, ni kila wiki.

Makasha ya matunda. Vijibao vifupi, vyembamba. Mimi niliyepasua mbao za paa la ukumbi wa mji! Lakini nikakumbuka vile viti. Nimekubali.

Mke wangu alishauri nifagie uwanja, nitie mafuta bawaba za lango, nitengeneze kasha moja la mfano. Mawazo ya kawaida kabisa. Mimi nina mkakati. Mteja huenda penye wateja. Nani anaingia kula kwenye mkahawa mtupu? Basi kuanzia kesho msumeno wangu utanguruma kutwa. Mtaa mzima useme huyu bwana kaelemewa na kazi, na sifa zimfikie mnunuzi kabla hajashuka garini.

Nikamwita Taratibu, mfanyakazi pekee aliyenibakia. Jina hilo alipewa na watu waliowahi kumsubiri. Nikamwagiza kesho asubuhi awashe mashine apasue. Akauliza apasue nini. Nikamwambia hakuna kitu, apasue hewa. Akafikiri kwa muda, kisha akauliza unene wa inchi ngapi.

Jumatano, 9 Juni

Balaa! Kabla sijavaa viatu nimesikia msumeno wa Shemeji. Unanguruma, unalia, haupumziki. Ana kazi! Kaipata wapi? Chai ilinishinda.

Tukawasha wetu. Kasoro ikajitokeza papo hapo: msumeno unaopasua hewa unaimba kama mbu. Mtu yeyote wa mbao atajua. Lazima uwe na kitu cha kutafuna. Magogo yangu hayaguswi, kwa hiyo nikaamuru mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye magome ambayo watu huja kuomba ya kuni. Tukayapasua. Vipande vyake tukavipasua tena. Ah, mngurumo! Mwili ulinisisimka.

Nikamtuma Taratibu ng'ambo, ajifanye anaomba grisi, kumbe achunguze wanapasua nini. Akarudi saa ya chakula cha mchana. Akaripoti kuwa chai ya kule ina sukari ya kutosha. Nikauliza na grisi je. Kaisahau huko huko.

Mambo mengine ni ya kufanya mwenyewe. Nilipanda kilima changu cha vumbi la mbao, nikachungulia. Vumbi lilikuwa linaruka juu ya uzio wa Shemeji, jingi, jeupe. Wivu ukanisukuma ninyooshe shingo zaidi. Kisha nikazama hadi kiunoni. Taratibu alinitoa, kwa mwendo wake.

Alhamisi, 10 Juni

Mabanzi yamekwisha. Ng'ambo hawaachi. Mimi nami siachi!

Tumepasua benchi la wateja, kwani wateja wenyewe wako wapi? Tumepasua ngazi. Tumepasua kibao chenye jina la kiwanda, maana anayesikia hahitaji kusoma. Tumepasua kigoda cha Taratibu. Amenuna, anafanya kazi wima.

Jioni Shemeji alikuja kula kwetu. Sote sauti zimekauka kwa kushindana na mashine, macho mekundu, nyusi nyeupe kwa vumbi. Akasema ana oda ya nje ya nchi. Nikasema mimi ninazo mbili. Akasema yake ni ya haraka. Nikasema zangu zilitakiwa jana. Mke wangu akatutazama mmoja mmoja, akasema debe tupu haliachi kuvuma, akaondoka na sahani. Nilimhurumia sana Shemeji. Kuambiwa maneno kama yale na dada yake wa tumbo moja!

Ijumaa, 11 Juni

Haya nayo lazima niyaandike.

Misumeno yote miwili ilinguruma tangu asubuhi. Nilivaa shati jeupe, penseli sikioni. Gari la mnunuzi lilipoingia mtaani nilikuwa sina tena kitu cha mbao isipokuwa magogo, nikang'oa mlango wa ofisi. Gari likasimama katikati ya barabara. Mama akashuka, mtu mzima wa heshima zake, mkoba kwapani. Akatazama kwangu. Akatazama kwa Shemeji. Akaziba masikio. Nikampa Taratibu ishara: tia mlango! Ukaingia, ukapiga ukelele ambao sijausikia maishani. Mama akasogea langoni, akanena neno. Midomo niliiona, sauti sikuipata. Nikainua kidole kimoja, kama afanyavyo mtu mwenye shughuli zake: asubiri kidogo. Nikampa mgongo, nimwonyeshe nilivyobanwa. Nilipogeuka, gari lilikuwa linaishilia kwenye kona.

Misumeno ikazimwa. Kimya. Tukasikia kuku.

Mama wa chai akaja kutueleza. Mnunuzi kasikitika sana. Kasema viwanda hivi vimeelemewa na kazi, yeye hapendi kuwaongezea watu mzigo, acha aende mji wa pili akatafute wasio na shughuli.

Nilikaa chini, palepale barabarani. Niseme wazi, niliogopa. Niliviona viti, safu kwa safu, na mimi mlangoni nimeshika rungu.

Nilipoinua macho, Shemeji alikuwa amesimama mbele yangu na mguu wa meza mkononi. Naujua mguu ule. Nimekula juu ya meza ile miaka na miaka. Yeye alikuwa anatazama mkono wangu. Nami nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa ofisi. Kisha mmoja wetu akaanza kucheka, yeye anasema ni mimi. Tulicheka hadi naye akakaa chini. Akakiri kwamba Jumanne alipata habari ileile kwa mama wa chai, na wazo lilelile likamjia, na kwamba mlio wangu ulimkosesha usingizi. Nilijisikia vizuri. Wazo likiwajia watu wawili kwa mpigo haliwezi kuwa la kijinga.

Jumamosi, 12 Juni

Kumbe tulipokuwa tunacheka, mke wangu na wifi yake, yaani mke wa Shemeji, walikuwa wamekodi pikipiki moja, wote wawili nyuma ya dereva, wakamfuata mnunuzi mbio. Wamempata kwenye kituo cha mafuta. Wamemweleza ukweli wote, pamoja na ule mlango. Mama alicheka hadi akaegemea pampu. Ametupa kazi! Kwa masharti: viwanda viwe kimoja, na yeye atazungumza na wanawake tu.

Basi mashine ya Shemeji inahamia kwetu kwa kuwa ndiyo nzima zaidi. Hayo ni maneno ya mke wangu, si yangu. Yeye na wifi yake ndio mabosi. Taratibu ni msimamizi wa zamu. Mimi na Shemeji tunagonga misumari.

Mnunuzi aliuliza kama tuna mabanzi, maana kasha halihitaji zaidi ya hayo. Mke wangu akajibu kuwa tunayo, ila yamesagwa.

Akaja kusimama mbele ya magogo yangu. Nikamwambia hayo ni ya mapaa. Akaniambia polepole, kwa sauti ambayo huitumia akiwa hana utani: mapaa hayarudi, mume wangu. Iliniuma. Gogo la kwanza lilipopandishwa nilitazama ukutani kama mtoto aliyekatazwa. Kisha harufu ikanifikia. Ileile ya siku zote. Nikageuka. Vijibao vilikuwa vinatoka vyembamba, safi, kimoja baada ya kingine, na Taratibu anavipanga huku anapiga mluzi. Nikashika kimoja, nikakipima kwa kidole. Hakina ubaya. Nikaomba nyundo.

Jumatatu, 28 Juni

Mambo yananyooka. Makasha yanatoka kila wiki, vidole vyangu vitatu vimefungwa bendeji, mke wangu anaimba. Muuza viti ameambiwa uwanja haupangishwi. Kesho mama wa matunda anakuja na lori kupakia, na akiridhika atasaini mkataba wa mwaka mzima.

Lakini adui halali! Nimesikia kwa mama wa chai kwamba muuza viti ataleta makreti ya plastiki. Makreti! Anataka kutuingilia sokoni. Mke wangu anasema tufanye kazi yetu vizuri, basi. Mawazo ya kawaida kabisa.

Mimi nina mkakati. Huyu bwana atishwe mapema. Aone jinsi tunavyogombaniwa, akate tamaa, arudi kwenye viti vyake. Kuanzia kesho alfajiri itakuwepo foleni langoni petu. Nimekwishawaomba binamu zangu wote, na majirani, na kikundi cha kwaya. Nilipomweleza Shemeji alinikumbatia, akasema hata yeye alikuwa analifikiria jambo hilohilo, na ataleta ukoo wa mke wake. Foleni itaziba lango, itapinda, itafika hadi barabara kuu. Nimewaagiza waje na mikoba, wasukumane kidogo, walalamike kuwa makasha hayatoshi. Na nimewaonya jambo moja: foleni ni foleni. Asipishwe mtu yeyote, hata akija na lori.