Rufaa ya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 7 Juni 1982. Karatu.

Wamenikataa! Barua imefika leo ofisi ya shamba la kahawa, imesomwa na kila mtu kabla yangu. Inasema mguu wangu wa kushoto, ulioangukiwa na gunia la kahawa mwezi wa pili nikiwa karani wa ghala, umepona kabisa. Wametia saini madaktari wawili. Hakuna kati yao aliyewahi kuangukiwa na kitu chochote.

Nieleze, kwa faida ya atakayesoma. Mfanyakazi akiumia kazini hulipwa fidia kwa kadiri ya ulemavu uliobaki. Usipobaki, halipwi. Yaani sheria inamwadhibu mtu kwa kupona! Mimi nastaafu wiki ijayo, na nyumba ya shamba nairudisha. Nikipata fidia, napanga vyumba viwili hapa Karatu, nasoma gazeti, nawashauri watu. Nisipopata, kaka yangu Kakuta ananingoja Olbalbal na mbuzi wake. Olbalbal! Vumbi tupu, na maji ya kufuatwa nusu siku. Mimi, mwenye cheti cha darasa la kumi!

Kinachouma kuliko gunia ni Clemensi, mlinzi wa ghala, mtu wa Rhotia. Yeye fidia kapata. Kwa kidole! Kidole cha mwisho, ambacho hata kilipokuwepo hakikuwa na kazi. Kanipa pole mbele ya wachuma kahawa. Eti, pole mzee Metui, wenzako tulipoteza kitu kwanza ndipo tukadai. Wamecheka mpaka kapu moja limemwagika.

Nakata rufaa. Madaktari watakuja Ijumaa.

Jumatano, 9 Juni.

Mazoezi ya kuchechemea, sebuleni. Namelok, mke wangu, katazama akichambua maharage. Kasema nachechemea vizuri sana mpaka kuku aingie; kuku akiingia namfukuza kama morani wa Kimaasai. Nimemweleza kwamba kuku ni dharura. Kasema haya, mume wangu, na uwaombe madaktari wasije na kuku.

Jioni kaja Clemensi kunishauri, bila kuitwa. Kasema siku ya rufaa nifike mapema, nikae kwenye benchi, nisielezee kitu, nikae tu mpaka niitwe. Alivyofanya yeye. Atanishikia nafasi.

Kukaa tu! Huo ndio ushauri wa mtu wa kidole. Nimemshukuru kwa ubaridi. Chai hakupewa.

Alhamisi, 10 Juni.

Leo nimetumia sayansi. Madaktari huamini uvimbe. Kando ya msitu kuna majani yanayowasha kama moto; mtu akijisugua, ngozi huumuka. Nimeyachuma mengi, nikausugua mguu kuanzia goti hadi kifundo. Nikangoja.

Mguu umebaki vilevile! Ngozi iliyokanyaga Olbalbal utotoni haisikii majani. Kumbe mikono, iliyoishi miaka yote kwenye karatasi, imeumuka yote miwili kama maandazi. Nilipaswa kulifikiria hilo. La, nani angelifikiria? Sabuni haipatikani Karatu nzima. Nimenawa kwa majivu. Namelok kanilisha ugali kama mtoto, akaniuliza kama nadai mguu au nimeshahamia mikono.

Ijumaa, 11 Juni.

Naandika kwa hasira.

Nimefika mapema ofisi ya shamba. Clemensi kweli alinishikia nafasi, kaifuta na kofia yake, kaniita kwa sauti, mzee njoo ukae. Watu wote wakageuka. Nikae bega kwa bega na kidole? Nimekataa. Nimekwenda nje karibu na dirisha na fimbo yangu, nikasimama kwa heshima. Jua limepanda mpaka juu, sijakaa hata mara moja. Nilimwona Clemensi akinipungia mkono wenye vidole vinne, akionyesha benchi, akionyesha dirisha, akishika kichwa. Kituko.

Nimeitwa. Nimeingia nikichechemea kwa ustadi ambao hata mimi umenihuzunisha. Daktari kijana mwenye miwani kaniamkia vizuri, kauliza mikono imepatwa na nini. Nikasema ni ya uandishi. Kisha kasema, mzee, tangu asubuhi nakuona dirishani. Umesimama kwa mguu mmoja, mwingine umeukunja, wayo umeuegemeza gotini. Uliosimamia ni upi?

Mimi sisemi uongo kwenye jambo lililo wazi. Nikamjibu: wa kushoto.

Wakatazamana. Nikaona hawajasoma mambo ya watu, nikawaeleza taratibu. Kwetu sisi wachungaji hiyo si kusimama. Ni kupumzika. Mtu anaegemea fimbo, anatua mwili kwenye mguu wake wa kupumzikia, na kila mtu anao mmoja tangu utoto. Wangu ni wa kushoto. Na mguu mgonjwa, nikawauliza, si ndio unaohitaji mapumziko kuliko wote?

Daktari mkubwa alitoka nje kukohoa. Kijana kavua miwani, kajifuta macho, kasema mzee wangu, mguu uliokubeba asubuhi nzima peke yake hauhitaji fidia, labda nishani.

Rufaa imekataliwa. Nje, Clemensi kasema kwa upole kwamba alijaribu kuniashiria. Aliashiria nini? Mtu akitaka kuashiria awe na vidole kamili.

Jumapili, 20 Juni. Olbalbal.

Mbuzi. Vumbi. Namelok kafurahi, yuko na dada zake. Kakuta kanipokea kwa kicheko, kasema karani, karibu ofisini.

Lakini sikulala bure. Ipo rufaa ya pili, Arusha, na safari hii nimepata kilichokosekana: shahidi. Madaktari waliniona asubuhi moja tu. Kakuta ananiona kutwa. Jana kasema hajawahi kumwona mchungaji, hata kijana, anayesimama muda mrefu hivi bila kubadili mguu. Tangu mbuzi watoke hadi warudi! Nimemwomba aseme hivyo hivyo Arusha, asipunguze neno. Mguu unaohitaji kupumzishwa kutwa nzima, daktari gani ataukataa?

Kakuta kaniuliza kama nina hakika. Nimemwambia elimu ina kazi yake.

Naandika haya nimesimama, mbuzi wakila. Meza hakuna huku, ila paja la kulia, nikiukunja mguu vizuri, linabeba daftari bila kutikisika.