Malalamiko Kuhusu Mpira wa Vitunguu Ulioingia Kwenye Turbo

Chaka,
Jumanne asubuhi

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Mzee Gathogo, msemaji wa ukoo wetu,

YAH: KUPITWA KWAKO BARABARANI

Pokea salamu za heshima. Natumaini pikapu yako imeshafika nyumbani kutoka Kerugoya, maana tuliachana Jumamosi na leo ni Jumanne tu.

Nakuandikia kwa kuwa ndoa ya mwanangu Munene iko hatarini, na aliyeitia hatarini ni mdogo wako Theuri, mume wangu, fundi aliyesomea kwenye simu. Wazazi wa mchumba wake Mbeti, kule Kerugoya, wamesema watatupokea mara moja tu tena, Jumamosi hii. Tukifika vipande vipande kama juzi, tusijisumbue kubisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba Theuri alinunua kifaa cha umeme cha kuiamrisha turbo isukume hewa nyingi zaidi kwenye injini. Gari lilikuwa likitupeleka kanisani na sokoni bila shida yoyote. Lakini bwana aliona video tatu, akavaa ovaroli, akatangaza hapo uani kwamba hiyo ni kazi ya dakika arobaini. Ilichukua wiki mbili. Boneti ilikaa wazi hadi kuku wangu akaanza kutaga juu ya betri.

2. Kwamba kifaa kilikuja na mpira mfupi. Mtu mwingine angeshuka Nyeri mjini akanunue mpira wa gari. Theuri wetu alishuka shambani. Sasa hewa ya kuidhibiti turbo inapita kwenye kampira kale kale kalikokuwa kakidondoshea vitunguu vyangu maji. Mistari miwili ya vitunguu imekauka ili sisi tupande mlima haraka, na ati nishukuru.

3. Kwamba alitoboa bati lililo kati ya injini na miguu yangu apitishe nyaya, kisha akabandua kibandiko changu cha Zaburi na kuweka kioo cha kifaa mahali pake. Nilizoea kusoma neno la Mungu safarini. Siku hizi nasoma presha ya hewa: moja nukta mbili.

4. Kwamba Jumamosi, huku magari manne ya ukoo yakikufuata kwa adabu, sisi tulikupita. Desturi naijua: msemaji hutangulia, wengine humfuata, kisha tunakusanyika karibu na lango la wakwe na kuimba pamoja hadi tufunguliwe. Lakini tulipotoka Karatina, joto la turbo lililainisha ule mpira wa vitunguu, ukachomoka, turbo ikakosa wa kuizuia, gari likaruka. Wewe ulikuwa umesimama kando ya barabara ukibonyezabonyeza maparachichi, kwa mara ya tatu siku hiyo. Tuliona aibu sana kukupita, ingawa aibu yenyewe haikudumu, maana tulikuacha upesi mno.

5. Kwamba tulifika saa tano kamili, kama tulivyoagizwa, tukiwa watu wawili. Shemeji, ule wimbo wa langoni unataka kundi! Mimi nilianzisha, Theuri akaitikia, na akina mama wa ndani wakacheka hadi wakakaa chini. Wewe na magari yako manne mlifika saa kumi kasorobo, mkiwa na maparachichi mazuri sana. Tukatozwa faini ya kreti za soda kwa kumtangulia msemaji, chakula kilikuwa kimepoa, na mazungumzo yakaahirishwa.

Kwa hayo yote naomba kifaa king'olewe mbele ya wazee. Naomba Theuri asafiri Jumamosi nyuma ya pikapu yako katikati ya zawadi, amefungwa kamba pamoja nazo. Akikataa, wazee wa kanisa wamtenge hadi Pasaka. Na hilo likishindikana, nirudishwe kwetu Tetu, kwa kuwa niliolewa na mwalimu wa hesabu, sikuolewa na rubani.

Nisalimie Mama Anita na mzee Kingori jirani yako, na uniulizie hali ya yule ng'ombe wenu aliyezaa juzi.

Mimi wako mnyenyekevu,
Kabura, mke wa Theuri

N.B. Shemeji, nimeisoma barua hii tena na nimeshindwa kuifunga. Ule mpira ulichomoka tukiwa tumeshaegesha langoni. Kutoka Karatina hadi pale, kilichoturusha ni mguu wangu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, Theuri alikuwa kando akiomba kwa sauti. Na mpira wa vitunguu nilimkatia mimi.

Siku mlipokuja Tetu kuniposa, ukiwa wewe mbele, mlitarajiwa saa nne asubuhi. Mlifika saa kumi na moja. Mama yangu alisimama langoni siku nzima na kitambaa chake kipya cha kichwani, majirani wakimwambia mmebadilisha nia. Hadi anakufa hakuisahau siku ile, wala mimi sijaisahau. Jumamosi nilimkuta mama yake Mbeti amesimama hivyo hivyo, macho barabarani. Aliponiona alishusha pumzi.

Kifaa kisiguswe. Tumeweka mpira wa gari na nimeukaza mwenyewe. Jumamosi utatangulia, ni haki yako, nami nitakuwa nyuma yako hatua kwa hatua. Ondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Maparachichi nimeshakununulia, yako kwenye buti langu, na utayapata Kerugoya.